Kabla Hujanunua Lenzi Nyingine ya Darubini

Chukua boksi la darubini ya bei nafuu, ile yenye lenzi ya mbele ya milimita 70 inayouzwa madukani na mitandaoni, usome kilichoandikwa ubavuni. Utakuta picha ya Zohali na pete zake kwa rangi za kupendeza, na chini yake namba iliyochapwa kwa herufi nene: 525×. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na namba hiyo ndiyo inayojitembeza. Kihesabu si uongo. Darubini hiyo ina urefu wa fokasi wa milimita 700. Ichomeke lenzi ya jicho ya milimita 4, itakuza mara 175. Ongeza lenzi ya Barlow, inayozidisha ukuzaji mara tatu, iliyomo humo humo ndani ya boksi, utafika 525. Lakini ukiielekeza kwa Zohali hivyo utaona doa la kijivu linalocheza, hiyo ni kama umeipata Zohali yenyewe, maana kwa ukuzaji huo kuipata ni kazi ya usiku mzima. Baada ya majaribio machache mwenye mali anaamua kwamba ameuziwa takataka, na darubini inapandishwa juu ya kabati.

Mara nyingi darubini yenyewe haina kosa kubwa. Kinachoiangusha ni vile vilenzi vya kuchomeka nyuma, unapowekea jicho, na jinsi mnunuzi alivyoelekezwa kuvitumia. Ushauri wangu ni huu, na mengine yote hapa chini ni maelezo yake: lenzi ya jicho ya kwanza kuigharamia ni ile inayokuza kidogo na kuonyesha mbingu pana. Zinazokuza sana zije baadaye, ziwe chache, na kila moja ijulikane imenunuliwa kutazama nini.

Anayeona mara 25 au 30 ni kidogo mno akumbuke historia. Januari 1610 Galileo Galilei aligundua miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi, na uwanja wake ulikuwa mwembamba hata mwezi wetu haukuenea mzima ndani yake. Tarehe 25 Machi 1655 Christiaan Huygens alipouona Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, alikuwa akikuza takriban mara 50. Darubini ya milimita 70 ya leo, ikiwa na lenzi ya jicho ya milimita 25 inayokuza mara 28, inakuonyesha taswira safi kuliko aliyoipata Galilei.

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la nne. Urefu wa fokasi wa darubini umeandikwa kwenye kibandiko chake. Urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho umeandikwa ubavuni mwake. Gawa wa kwanza kwa wa pili. Darubini ya milimita 1200 na lenzi ya 12 ni mara 100. Kwa hiyo lenzi yenye namba ndogo ndiyo inayokuza zaidi, jambo linalowachanganya wengi mwanzoni, na lenzi moja hiyo hiyo hukuza tofauti kwenye darubini tofauti. Mtu akikuambia "hii ni lenzi ya mara 100" bila kuuliza darubini yako ni ipi, hajui anachouza.

Sasa kwa nini usikuze tu hadi mwisho? Kwa sababu nuru ni ile ile. Kioo cha mbele kimekusanya kiasi chake na hakiwezi kuongeza hata chembe. Lenzi ya jicho inachofanya ni kuitandaza nuru hiyo. Ukizidisha ukuzaji mara mbili, taswira inakuwa na eneo mara nne, ni sawa na samli ya kijiko kimoja iliyokusudiwa chapati moja kulazimishwa kupaka chapati nne. Mshtarii, ambayo inang'aa mno, huvumilia mpako huo mwembamba. Wingu la gesi lililofifia halivumilii; linazama kwenye giza la mbingu na hulioni tena.

Kuna kipimo kimoja kinachoeleza jambo hili kuliko ukuzaji, nacho ni unene wa mwale unaotoka kwenye lenzi kuingia jichoni. Mchana, elekeza darubini kwenye mbingu nyeupe upande uliopeana mgongo na jua, kisha rudi nyuma hatua moja uitazame lenzi ya jicho kwa mbali. Utaona kiduara cha nuru kikielea pale. Upana wa kiduara hicho ndio unene wa mwale. Kuupata kwa hesabu, gawa kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji, au gawa namba ya lenzi ya jicho kwa namba ya f ya darubini, ile iliyoandikwa f/5, f/8 au f/10. Lenzi ya milimita 25 kwenye darubini ya f/10 hutoa mwale wa milimita 2.5.

Ukiujua mwale, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu mzima wa miaka hamsini na kitu mara nyingi haivuki 5. Mwale mnene kuliko mboni unamwagika nje na nuru uliyoilipia inapotea. Hapo ndipo ukomo wa chini ulipo: kwenye darubini ya f/5, lenzi ya milimita 40 hutoa mwale wa milimita 8, na hakuna jicho la kuumeza wote. Mwale wa milimita 2 hivi ni mahali pazuri pa kazi nyingi, kuanzia makundi ya nyota hadi galaksi zinazong'aa vya kutosha. Kwa sayari na mwezi unashuka hadi milimita 1, au kidogo chini yake hewa ikitulia. Ukifika nusu milimita umefika ukutani. Taswira ni hafifu, na vile vijiuzi vinavyoelea ndani ya jicho lako mwenyewe vinaanza kupita mbele ya sayari. Nusu milimita ndiyo ile kanuni ya zamani kwa maneno mengine, kwamba darubini isikuzwe zaidi ya mara mbili ya milimita za kioo chake: ya 70 isivuke 140, ya 114 isivuke 230 au hapo karibu. Namba 525 kwenye boksi imezidi karibu mara nne.

Nyota zenyewe zina kanuni tofauti kidogo, na mkazi wa mjini aizingatie. Nyota ni nukta. Ukuzaji wa wastani hauitandazi, lakini mng'ao wa mbingu unaosababishwa na taa za barabarani unatandazwa na kufifia. Matokeo yake ni kwamba katika anga la Dar es Salaam au Nairobi, kundi la nyota hujitokeza vizuri zaidi ukipanda kutoka mara 30 hadi 100. Jaribu kwa Omega Centauri jioni za Mei na Juni. Kwa mara 30 ni pamba iliyokolea. Kwa mara 100 au 120, kwenye kioo cha milimita 150 au 200, pamba hiyo huanza kuvunjika kuwa chembechembe za nyota, na upana wake wa zaidi ya nusu digrii unajaza uwanja mzima wa lenzi ya kawaida. Kwa wingu la Eta Carinae, linaloonekana vizuri jioni kati ya Machi na Mei, mambo ni kinyume. Limeenea zaidi ya digrii mbili, na linataka lenzi pana, ukuzaji mdogo, na kama inawezekana safari ya kwenda kijijini.

Kuna mtu mwingine anayepanga ukuzaji wako, naye ni hewa. Joto lililohifadhiwa mchana kutwa na paa la bati na ua wa zege hupanda jioni na kuifanya Mshtarii ichemke. Usitazame sayari juu ya paa la jirani saa mbili usiku kisha ukailaumu lenzi. Subiri saa tano, saa sita, sayari iwe juu na bati limepoa. Hapa tuna bahati ambayo vitabu vya Ulaya havikuiandika kwa sababu waandishi wake hawanayo. Sayari hazitoki mbali nje ya mkanda wa digrii 23 na kitu kaskazini au kusini mwa ikweta ya mbingu, kwa hiyo kwetu zikipita katikati ya njia yao huwa juu sana: kutoka Dar es Salaam hazishuki chini ya digrii 55. London sayari iliyo kusini mwa mkanda huo huinuka digrii 15 tu, ikitazamwa kupitia tabaka nene la hewa. Lenzi ya kukuza mara 200 ambayo Mwingereza huitoa kwenye mkoba mara chache, wewe mwenye kioo cha milimita 200 unaweza kuitumia mara nyingi zaidi.

Baada ya ukuzaji, uulize upana. Kila lenzi ya jicho ina uwanja wake wa kuona unaopimwa kwa digrii, yaani duara unaloliona ukiweka jicho lina ukubwa gani. Za zamani zina 40, za aina ya Plössl zina 50 hivi, za kisasa zina 60, 68, 82, hadi 100. Gawa namba hiyo kwa ukuzaji, unapata kipande halisi cha mbingu kinachoingia. Lenzi ya Plössl ya milimita 32 kwenye darubini ya fokasi 700 hukuza mara 22 na kukupa digrii mbili na ziada. Kilimia kinaenea chote humo, na kimezungukwa na giza la kukipendezesha. Ukikitazama kwa mara 100 utaona nyota mbili tatu zisizo na uhusiano na utajiuliza Kilimia kimekwenda wapi.

Upana una maana zaidi kwa mwenye darubini ya Dobson, yaani bomba lenye kioo juu ya kisanduku cha mbao kinachosukumwa kwa mkono, lisilo na mota. Dunia inazunguka na kila kitu kinahama uwanjani. Kwa mara 200, lenzi ya digrii 50 inaonyesha robo digrii ya mbingu, na sayari iliyo karibu na ikweta ya mbingu huikata robo hiyo kwa dakika moja. Unasukuma, unasubiri mtetemo utulie, unatazama kwa sekunde arobaini, unasukuma tena. Lenzi ya digrii 82 yenye ukuzaji ule ule inakupa zaidi ya dakika moja na nusu. Na sisi wa karibu na ikweta tuna usumbufu wa ziada, kwamba vitu vizuri hupenda kupita utosini, pembe ambayo Dobson ni zito kuliongoza kwa sababu kulizungusha hakulipeleki popote. Mkanda wa Orioni ni mmoja wao. Hapo uwanja mpana unaokoa shingo na subira.

Mkanda huo huo unatoa kipimo cha bure. Nyota yake ya kaskazini-magharibi, Mintaka, iko karibu kabisa juu ya ikweta ya mbingu. Iweke ukingoni mwa uwanja, achia darubini, washa saa ya simu hadi nyota ivuke katikati na kutokea upande wa pili. Kila dakika nne ni digrii moja ya mbingu; zidisha kwa ukuzaji upate digrii za lenzi. Lenzi iliyotangazwa kuwa na digrii 70 ikikupa jibu la 55, umejua tangazo lilivyo.

Sasa tuje kwenye jicho lenyewe, sehemu ambayo matangazo huipita haraka. Umbali unaotakiwa kati ya kioo cha lenzi na jicho lako ndio unaoamua kama utastarehe au utateseka. Kwa Plössl umbali huo ni kama asilimia 70 ya namba yake. Ya milimita 25 inakuachia nafasi ya kutosha. Ya milimita 10 inakuachia milimita 7, na ya 6 inakuachia 4, kope zinapangusa kioo na kukiachia mafuta kila unapopepesa. Mtoto ndiye anayeshindwa kabisa, maana hajui kushikilia jicho karibu hivyo bila kuisukuma darubini. Kama nyumbani kuna watoto watakaopanga foleni, namba hii ina uzito kuliko digrii za uwanja.

Mwenye miwani asikate tamaa mapema. Ikiwa tatizo lako ni kuona mbali au karibu tu, vua miwani na urekebishe fokasi, darubini itakusahihishia. Itazame karatasi ya daktari wa macho: kama safu ya CYL ina namba kubwa, basi umbo la jicho lako linaitawanya nyota, na darubini haiwezi kukusaidia, utahitaji miwani, na hivyo lenzi zenye nafasi ya milimita 15 hadi 20. Hata hapo, tatizo hujitokeza zaidi mwale ukiwa mnene. Kwenye mwale wa milimita 1 wengi wenye CYL ya wastani huvua miwani na hawaoni tofauti.

Majina ya aina yatakuchosha, kwa hiyo nayapitia mbio. H ni ya Huygens, ya karne ya 17, vioo viwili; SR ni ya Ramsden, karne ya 18. Ukizikuta kwenye boksi zimeandikwa H20 na SR4, umejua mtengenezaji alibana wapi. K ni ya Kellner, 1849, si mbaya hata kidogo kwenye darubini ya f/8 au f/10. Lenzi ya K25 iliyokuja na darubini usiitupe. Plössl ilibuniwa Vienna mwaka 1860 na bado ndiyo kipimo cha thamani ya pesa: vioo vinne, digrii 50, bei ya makumi machache ya dola. Ernst Abbe alitoa yake mwaka 1880, nyembamba lakini kali kwenye sayari, na wapo wazee wa fani wasioibadili kwa chochote. Kisha akaja Mmarekani Albert Nagler, aliyekuwa ametengeneza vioo vya mashine za kuwafunzia wanaanga wa Apollo jinsi ya kutua mwezini. Huko ilibidi rubani aone upana mkubwa kama anavyouona dirishani. Kampuni yake, Tele Vue, ilianzishwa mwaka 1977, na lenzi yake ya digrii 82 ilibadilisha matarajio ya watazamaji wote. Zake ni za mamia ya dola. Hakuna haja ya kuziwazia kwa darubini ya milimita 70.

Na hapa pana jambo la kuokoa fedha. Darubini yenye f kubwa, kama f/10, ina mwale mwembamba unaoingia kwa upole na haidai makuu. Lenzi rahisi hufanya kazi hadi ukingoni. Darubini ya f/5 huzidai lenzi zake bila huruma: nyota za ukingoni hujikunja kuwa koma na vipepeo. Sehemu ya kasoro hiyo ni ya kioo cha darubini chenyewe, wala lenzi ya bei yoyote haitaiondoa; sehemu nyingine ni ya lenzi, na hiyo huondolewa kwa pesa. Kabla ya kununua uwanja mpana wa bei rahisi, angalia namba yako ya f. Zipo lenzi za kichina za digrii 66, zenye mstari mwekundu au wa dhahabu, zinazouzwa kwa majina mengi katika ukubwa wa milimita 6, 9, 15 na 20. Ya 6 na ya 9 ni nzuri mno kwa bei yake, zikiwa na nafasi ya jicho inayokaribia milimita 15. Ya 15 na ya 20 kwenye f/5 zina ukingo mchafu; mwenye f/10 anaweza kuzichukua.

Pima pia tundu la kuchomekea. La kawaida ni la inchi 1.25. Darubini za zamani na baadhi za watoto zina la milimita 24.5, na hizo lenzi zake ni chache na nyingi ni duni; afadhali utafute kiunganishi cha kupandia 1.25. Darubini kubwa huwa na tundu la inchi 2, na faida yake ni moja tu: kipande kikubwa zaidi cha mbingu. Bomba la inchi 1.25 haliwezi kupitisha duara pana kuliko milimita 27 hivi, kwa hiyo Plössl ya 32 na lenzi ya milimita 24 yenye digrii 68 zinaonyesha mbingu ile ile, ya pili ikiikuza zaidi. Kwenye Dobson ya fokasi 1200 hiyo ni digrii 1.3, Kilimia kinaingia kwa kubanana. Lenzi nzuri ya inchi 2 itakufikisha digrii mbili na ushee.

Basi ununue nini? Mwenye 70/700 aanze na Plössl ya 32, aihifadhi K25 au aiuze, kisha achukue ya milimita 12 hivi, ambayo ni mara 58 na inatenganisha Alpha Centauri kuwa nyota mbili bila shida. Ya tatu iwe milimita 6, mara 117, ya Zohali na kreta za mwezi. Pete za Zohali zilitugeuzia ukingo Machi 2025 na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo lenzi hiyo italipa zaidi kila msimu. Mwenye Dobson ya 200/1200 aanze na ya inchi 2 ya milimita 30, mara 40. Halafu 12, mara 100, ambayo ataitumia kuliko zote. Halafu 8 au 6 kwa sayari, akijua ya 8 itatumika usiku mwingi na ya 6 usiku mzuri. Sioni sababu ya lenzi ya nne katika mwaka wa kwanza. Seti za masanduku ya alumini zenye lenzi saba au nane zinavutia macho, lakini nusu yake zitalala humo.

Lenzi ya Barlow ya mara mbili ni nyongeza halali, mradi upange hesabu. Ukiwa na 25 na 12.5, Barlow inaigeuza ya kwanza kuwa ya pili na umejinunulia kitu ulichonacho. Ukiwa na 32 na 12, inakuzalia 16 na 6. Faida yake iliyojificha ni kwamba inakuza bila kukusogeza karibu na kioo: nafasi ya jicho ya lenzi ya 12 inabaki pale pale. Ile ya mara tatu ya plastiki iliyo kwenye boksi, na ile ya mara 1.5 ya kuisimamisha picha wima, ziwekwe pembeni. Angani hakuna juu wala chini. Lenzi za zumu za milimita 8 hadi 24 zinawafaa wanaopokea wageni wengi usiku mmoja. Kumbuka tu kwamba kwenye 24, pale unapohitaji upana, uwanja wake hubanwa hadi digrii 40 na kidogo.

Kwenye boksi hilo hilo huenda ukakuta kichujio cheusi kimeandikwa SUN, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kivunje leo. Kinakaa mahali nuru yote ya jua inapokusanyika, kinapata moto, kinapasuka ghafla jicho likiwa hapo. Kichujio salama cha jua hufunika mdomo wa mbele wa darubini. Nasema mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa juu ya Luxor, Jiddah na Makka, Kenya tukiliona likimegwa sehemu, na vichujio hivyo vitatolewa makabatini.

Kuagiza lenzi si kugumu kama kuagiza darubini. Ni ndogo, na tatu zinaenea ndani ya soksi za ndugu anayerudi kutoka Muscat au Minneapolis. Kazi huanza zikishafika, hasa pwani. Unyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja huotesha kuvu kwenye vioo, na kabati la mbao lenye giza ndilo shamba lake. Weka lenzi ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya, na vifuko hivyo uvikaushe mara kwa mara. Usirudishe lenzi yenye umande ndani ya kopo. Iache ikauke kwanza. Ukiitoa chumba chenye kiyoyozi kwenda barazani, iache imefungwa robo saa ipate joto la nje, la sivyo itajaa ukungu papo hapo.

Vumbi kidogo haliharibu taswira, liache. Likizidi, lipulize kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo. Mafuta ya kope yafutwe kwa karatasi ya lenzi iliyodondoshewa spiriti safi, kuanzia katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Ncha ya kanga na upindo wa shati hubeba mchanga. Na usifungue lenzi kuisafisha ndani: vioo vina mpangilio na mwelekeo wake, na kimoja kikigeuzwa huirudishi ilivyokuwa.

Ukinunua iliyotumika, ishike kuelekea taa na kuizungusha taratibu, ukitazama kupitia upande mmoja na kisha mwingine. Mikwaruzo miwili mitatu midogo haidhuru. Tafuta vijiuzi vyembamba vyenye matawi kati ya vioo, au wingu jeupe ukingoni mwa kioo. Hiyo ni kuvu, na mara nyingi imeshakula mipako. Muuzaji akisema itafutika, mwambie aifute kwanza, kisha mzungumze bei.